Mkija kukemea butura, njooni na tarehe za malipo

Kwa Wakuu wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, waheshimiwa wabunge na madiwani, wenyeviti wa halmashauri zetu mbili, viongozi wa chama chetu kikuu cha ushirika, KDCU, na wa vyama vya msingi, pamoja na maaskofu, wachungaji, mapadri na masheikh wetu.



Nawaandikia kuhusu butura, yaani kuuza kahawa ikiwa ingali mtini, na naandika kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa kwa sababu najua kitakachosemwa ukifunguliwa. Kitasemwa Kayanga na kurudiwa Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho hadi Murongo mpakani: butura ni unyonyaji, anayenunua kahawa ikiwa maua ni mwizi, anayeuza anajitia umaskini mwenyewe, na safari hii wote watakiona. Wananchi watapiga makofi, na yatakuwa makofi ya kweli. Simjui mtu hata mmoja katika wilaya hizi mbili anayeweza kusimama hadharani akaitetea butura. Hata anayeinunua haitetei.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Jambo lisilo na mtetezi ni jepesi kulikemea. Halimpotezei msemaji kura wala rafiki. Akishuka jukwaani anaonekana amefanya kazi, na sisi tunarudi nyumbani tukiamini kuna kilichofanyika. Msimu unapita, maua yanafunguka tena, na mwenye pesa anaingia tena kibanjani kwa jirani yake.

Vijana wetu watakaosoma barua hii wakiwa Dar es Salaam au Mwanza huenda wamesahau mambo yanavyokwenda, kwa hiyo nieleze. Robusta yetu hukaa mtini karibu miezi kumi tangu ua lifunguke hadi tunda liive. Mavuno huanza Mei, yakaendelea hadi Septemba au Oktoba. Baada ya hapo pesa hukatika. Mwenye pesa huja akatazama maua, au matunda yakiwa bado mabichi, akalipa. Tangu siku hiyo mti ni wa mwenye kibanja lakini mzigo ni wa mwingine. Tuseme mama amechukua laki moja mwezi Januari kwa ahadi ya kutoa kilo 100 za kahawa ya maganda, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Ikifika Juni na mnada ukasimama kwenye 3,000, laki moja ile imelipwa kwa laki tatu ndani ya miezi mitano. Na ni mama huyohuyo aliyepalilia, akapogoa, akachuma na kuanika. Bei inavyopanda ndivyo hasara yake inavyokua. Mwaka 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London, bei ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiota. Aliyekuwa ameuza maua alibaki na bei yake ya zamani.

Kwa hiyo sibishani nanyi kwamba butura ni unyonyaji. Ninachowaomba ni mtazame kalenda ya mama huyo kabla ya kumfokea.

Januari watoto wanarudi shuleni. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na tunaishukuru, lakini sare, viatu, madaftari, godoro la bweni na nauli bado ni juu ya mzazi. Kati ya Novemba na Aprili kuna homa za watoto, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Nyakahanga, kuna msiba, kuna paa lililoezuliwa na upepo. Akienda benki ataulizwa dhamana, na kibanja alichoachiwa na mumewe hakina hati. Vikoba humfaa kwa mahitaji madogo, ila kikundi cha akina mama wanaotegemea kahawa wote huishiwa pesa mwezi mmoja. Anabaki mtu mmoja tu anayeweza kuja na pesa taslimu siku hiyohiyo, saa mbili usiku ikibidi, bila fomu na bila mdhamini. Mama anajua atapunjwa. Amepiga hesabu yake vizuri kuliko sisi, na amechagua kupunjwa Juni ili mtoto asirudishwe nyumbani Januari. Kumfokea mtu huyu ni kumfokea mgonjwa kwa sababu ana homa.

Na kelele zina bei yake, waheshimiwa. Mnapotangaza kwamba muuzaji na mnunuzi wote watashughulikiwa, mnunuzi haachi biashara, anajificha tu. Hatari ya kukamatwa anaikata kwenye bei: aliyekuwa akitoa 1,000 anatoa 800, kwa sababu sasa anabeba na hatari. Karatasi inaandikwa kama mkopo wa kawaida, au haiandikwi kabisa. Mama akidhulumiwa hata ile ahadi ndogo, akachumiwa kilo 150 badala ya 100, hana pa kwenda. Hawezi kwenda baraza la kata, kwa sababu akifungua mdomo anakiri kosa lake mwenyewe. Hawezi kumweleza mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu mwenyekiti alikuwa kwenye mkutano na amepewa maagizo. Kitisho mlichokielekeza kwa mnunuzi kimemfunga mdomo muuzaji.

Mimi nimekaa na watu wa namna hii katika kata zetu na nimeona jinsi wanavyoinamisha kichwa neno butura likitajwa. Mnunuzi hainamishi. Kijijini kila mtu anamjua, na mara nyingi ndiye anayechangia harusi na kukodisha spika za mkutano.

Tumewahi kuyapitia haya katika nchi hii, kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Ninamheshimu Sokoine. Alikuwa mwadilifu, na hasira yake ilikuwa ya haki: sabuni, sukari na nguo vilikuwa vimeadimika huku wengine wakificha maghalani. Ilitungwa sheria, ikaundwa mahakama maalumu, na watu wengi wakakamatwa nchi nzima. Wazee wa mpakani wanakumbuka bidhaa zilizotupwa porini na mtoni usiku kwa hofu. Lakini sabuni haikurudi dukani kwa sababu ya hofu. Madukani kulianza kuonekana vitu bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Ulanguzi uliishiwa nguvu kadiri uhaba ulivyopungua.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kule Mtwara na Lindi wana kangomba, ndugu wa butura kwa upande wa korosho. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliamua Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Kangomba ilikemewa kwa sauti kubwa kuliko wakati wowote. Ukafuata uhakiki wa mashamba ili kumbaini mwenye korosho zisizo zake. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini uhakiki ulichukua muda, malipo yakachelewa hadi mwaka uliofuata, na mkulima halisi aliyekuwa akisubiri pesa yake alilazimika kuishi kwa kukopa. Alikopa kwa nani? Kwa yuleyule aliyekuwa akikemewa.

Kwetu, msimu wa 2018/19 ndio uliowaondoa wanunuzi binafsi vijijini na kuagiza kahawa yote ipitie vyama vya msingi. Sina ugomvi na uamuzi huo, na minada iliyofuata imeleta bei ambazo mkulima hakuwahi kuziona kwa mnunuzi wa mlangoni. Ila tukumbuke mkulima anaingia kwenye chama na kumbukumbu gani. Mzee wa miaka 75 wa Kyerwa ameona ushirika ukivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982. Katika miaka ya 1990 akaona wafanyabiashara binafsi wakiruhusiwa, na mwaka 2018 wakizuiwa. Kila mara aliambiwa utaratibu mpya ndio wa kumkomboa. Amezoea kuamini pesa iliyo mkononi. Anapopeleka maganda ghalani akapewa stakabadhi, kisha wiki zikapita bila tarehe ya malipo, hahitaji mchochezi wa kumwambia auze kwa njia nyingine.

Njia nyingine ipo, na hapa nigusie magendo kwa sababu nayo hukemewa kwa pumzi ileile. Kutoka Murongo ukivuka Mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Wenzetu waliondoa ukiritimba wa biashara ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnunuzi wa upande ule hulipa hapohapo. Bei zikikaribiana na malipo ya huku yakawa ya haraka, nani atahangaika na pikipiki usiku na kuhatarisha mzigo wake? Tofauti ikiwa kubwa, hakuna kizuizi cha barabarani kitakachotosha kwa mpaka wenye vivuko vingi kama wetu. Doria ni ya lazima, sikatai. Ila ninyi mnajua, kwa sababu taarifa zinawafikia, kwamba magendo hupanda na kushuka kwa kufuata bei na tarehe za malipo. Sijawahi kusikia yakishuka kwa sababu ya hotuba.

Nisieleweke kwamba nataka viongozi wanyamaze. Yako mambo ambayo kunyamaza ni dhambi. Mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino aliponyakuliwa kwao wilayani Muleba na kuuawa, sauti zote za mkoa huu wa Kagera zilipaswa kupazwa, na zilipazwa, na washukiwa wakafikishwa mahakamani. Pale sauti kubwa ilikuwa na kazi: kulikuwa na mtoto wa kutafutwa, na watu wa kuambiwa kwamba uhai wa mtoto huyu ni sawa na wa mtoto mwingine yeyote. Aliyekemewa alikuwa mwenye nguvu, na aliyetetewa alikuwa dhaifu. Kipimo hicho ndicho ninachowaomba mkitumie kwa butura. Sauti ikitoka jukwaani, inamwangukia nani?

Maana neno la jukwaani likishuka huwa kali zaidi. Karagwe na Kyerwa tulijifunza hilo mwaka 2013. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwataka wahamiaji haramu waondoke ndani ya wiki mbili na wenye silaha wazisalimishe. Ujambazi barabarani ulikuwa umetutesa na agizo lilikuwa na sababu. Kisha ikaja Operesheni Kimbunga. Miongoni mwa waliovushwa mpaka walikuwemo watu walioishi huku miongo mingi, waliooa na kuolewa huku, wengine wakiacha wake, waume na watoto. Neno lililosemwa juu ya wahamiaji haramu na wenye silaha lilipofika kitongojini, kwa baadhi ya watu lilikuwa limegeuka kuwa fursa ya kumaliza ugomvi wa shamba na jirani. Aliyelisema hakuwepo lilipokuwa likitumika. Ndivyo ilivyo kwa butura pia: mkuu anasema "wote", na mgambo akitafuta wa kuanza naye, anaanza na mjane mwenye miti mia mbili kwa sababu mlango wake ndio mwepesi kugongwa.

Sasa niseme ninachoomba.

Cha kwanza, na hiki ningekipigania kuliko vingine vyote, ni tarehe ya malipo. Msimu ukifunguliwa, mwenyekiti wa KDCU asimame aseme mbele yenu na mbele yetu: maganda yakipokelewa ghalani, mnada utafanyika ndani ya siku ngapi, na mnada ukiisha mkulima atalipwa ndani ya siku ngapi. Si kwa maneno ya "mapema iwezekanavyo". Siku zitajwe kwa idadi. Kisha kila wiki Redio FADECO itangaze chama gani kimelipa na kipi bado, ili mkulima wa Kaisho ajue hali ya chama chake bila kupanda pikipiki hadi Kayanga. Butura inaishi kwa sababu mnunuzi wake analipa leo. Hatuwezi kumshinda kwa kulipa siku isiyojulikana.

Naombeni pia mtuambie kuhusu mikopo ya miezi ya ukame wa pesa. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3, ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ni kiasi gani cha fedha za namna hii kilichofika kwa mkulima wa kahawa mwenye ekari moja Bugene au Nkwenda? Chama cha msingi kinamjua mwanachama wake, kinajua alipeleka kilo ngapi msimu uliopita na uliotangulia. Rekodi hiyo ni dhamana nzuri kuliko hati asiyokuwa nayo. Kama chama kingeweza kumpa Januari sehemu ndogo ya thamani ya mavuno aliyozoea kuleta, kwa riba hiyo ya asilimia 10, mama wa mfano wangu angechukua laki moja na kurudisha isiyozidi laki moja na kumi. Mlinganishe na laki tatu. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mkopo huo ukitolewa Julai kwa mkulima wa kahawa umemfikia wakati ana pesa. Utoeni Novemba.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likisemwa jukwaani, na linawahusu wengi mnaoisoma barua hii. Michango. Mchango wa darasa, wa maabara, wa zahanati, wa Mwenge, wa ujenzi wa kanisa au msikiti, wa sherehe za kumkaribisha mgeni. Mingi ni ya maendeleo na mimi hutoa. Lakini inadaiwa lini? Mtendaji akipita Februari na daftari, na mzee wa kanisa akapita Jumapili na bahasha, mkulima asiye na kitu mfukoni anatazama kahawa yake mbichi. Natamani nifahamu ni magunia mangapi yameuzwa yakiwa maua ili kutimiza mchango ulioagizwa na mtu aliyeikemea butura mwezi mmoja kabla. Baba maaskofu wa Dayosisi ya Karagwe na wa Jimbo la Kayanga, masheikh wetu, hili mnaweza kulibadilisha kwa waraka mmoja: michango yote mikubwa ihamie kati ya Julai na Oktoba. Waheshimiwa wakurugenzi, vivyo hivyo. Haihitaji bajeti wala sheria mpya.

Kuhusu mnunuzi wa butura, nataka ashughulikiwe kweli, tena mkubwa kwanza. Ili hilo liwezekane muuzaji aondolewe kitisho. Tamkeni kwamba mkulima atakayejitokeza na kueleza aliuza kwa nani na kwa bei gani hatashtakiwa, na kwamba baraza la kata litalichukulia deni lake kama mkopo wa fedha: arudishe alichopokea pamoja na faida ya kiasi, si kahawa yake yote. Mkifanya hivyo mtapata majina ndani ya mwezi mmoja bila askari hata mmoja. Na majina yatakayotoka msiyachuje. Yakiwemo ya watumishi wa umma, ya viongozi wa vyama au ya wafadhili wa kampeni zetu, yasomwe vilevile. Huyo ndiye wa kukemewa kwa sauti kubwa, kwa jina lake, nasi tuliokaa kwenye nyasi chini ya mwembe tutawaunga mkono.

Najua kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wizara, ya Bodi ya Kahawa kule Moshi, ya benki, na kwamba kiongozi wa wilaya kazi yake ni kuhimiza. Lakini mnapokemea hamsemi kwamba butura ni jambo la Wizara. Mnaikemea kama yenu. Basi na dawa yake iwe yenu pia, angalau kwa sehemu iliyo mikononi mwenu: kalenda ya michango, mwezi wa kutoa mikopo ya halmashauri, ulinzi wa anayetoa ushahidi, na shinikizo kwa vyama vyetu kutaja siku za malipo. Sehemu inayobaki ipelekeni Dodoma. Wabunge wetu wana kiti na kipaza sauti huko, na huko sauti kubwa ina maana, kwa sababu anayesikiliza ana uwezo wa kutoa fedha.

Kwa hiyo siku ya kufungua msimu, kabla mtu yeyote hajalitamka neno butura, tunaomba tusomewe hesabu tatu: siku za malipo baada ya mnada, fedha zitakazokopeshwa kwa wakulima wa kahawa kati ya Novemba na Aprili na riba yake, na idadi ya wanunuzi wa butura waliofikishwa mbele ya sheria tangu msimu uliopita ikilinganishwa na ya wakulima waliokamatwa. Kama hesabu yoyote ni sifuri, isomwe hivyohivyo, tujue tunaanzia wapi. Majibu yakiwa tayari mapema, yapelekeni redioni, maana si wote wanaoweza kuacha kuchuma na kuja mkutanoni.

Wenu,
Mkulima wa kahawa,
Nkwenda, Kyerwa